Sinema Tulizokula Mimi na Nyanya

Mhariri alipopita madarasani akiomba makala za jarida, wengi walikimbilia yale tuliyoyazoea: ajali ya matatu, arusi ya kukata na shoka, ndoto ya kutisha iliyokatizwa na kengele ya alfajiri. Mimi nawaletea sinema. Wala sisemi zile tunazowekewa bwaloni Jumamosi ya mwisho wa mwezi, ambazo jamaa mmoja anaangamiza jeshi zima na shati lake bado limechomekwa vizuri. Hizo mnazijua kuliko mnavyoijua ngeli ya U-I. Nitakazowaeleza ni filamu ambazo hazivumi hapa kwetu, na kila moja nitawaambia iliwe na nini, inywewe na nini, na kama ina muziki, mtege sikio mahali gani.

Najua Kidato cha Pili pale nyuma wameshaanza kucheka. Eti sinema na sufuria vina udugu gani? Ngojeni kwanza.

Nyanya yangu mzaa mama anakaa Voi, ng'ambo ya reli ya zamani. Marehemu babu alikuwa mfanyakazi wa reli, na kabla ya kuhamia Voi walikaa Mombasa miaka mingi. Huko Nyanya alikuwa mpenzi wa sinema asiye na mfano. Anasema enzi zao mtu alivaa nguo zake za sikukuu kwenda kutazama picha. Mother India, ile ya Nargis iliyotoka mwaka wa 1957, aliitazama mara nne, na mara zote nne alilia mahali pale pale.

Miaka mitatu iliyopita macho yake yalianza kumtoka. Ugonjwa wenyewe ni glakoma, wengine huuita presha ya macho. Huo ni ugonjwa wa kuvizia. Mara nyingi hauumi wala hauwashi, na huanza kula pembeni: mtu anaendelea kuona kilicho mbele yake, lakini pande zote zinaingia giza pole pole hadi anabaki kama anayechungulia ndani ya bomba. Mshipa wa fahamu wa jicho ukishakufa haufufuki. Matone ya dawa husaidia kulinda kilichobaki, lakini kilichokwenda kimekwenda. Nyanya alipopimwa, jicho la kushoto lilikuwa limezimika na la kulia limebakiwa na kaupenyo tu. Na kwa kuwa ugonjwa huu hupenda kufuata ukoo, mama na ndugu zake wote walipimwa mwaka huo huo. Wewe mwenye babu ama nyanya aliyepata shida hii, waambie wazazi wako wakapimwe. Hayo nimeyasema kwa haraka, turudi kwenye habari yetu.

Jambo lililotuuma zaidi ni kwamba Nyanya aliacha kula na watu. Mara atasema ameshiba, mara atakula baadaye, halafu anapelekewa sahani chumbani na kufunga mlango. Mama alielewa kabla yetu. Nyanya ni mtu wa heshima zake, na hakutaka wajukuu wamwone akipapasa sahani kutafuta kipande cha nyama. Akakonda, jamani. Kanga iliyokuwa ikimtosha ikawa inamzunguka mara mbili.

Likizo ya Agosti mwaka jana mjomba alikuja kutoka Mombasa na kipakatalishi kilichojaa filamu za nchi za watu. Yeye huzikusanya kama wengine wanavyokusanya stempu. Mimi nikapewa kazi ya kumsimulia Nyanya. Mnawajua wasimulizi kina DJ Afro, wanaotia Kiswahili cha mtaani juu ya sinema za Kihindi na za karate, hata shujaa anaongea kama kondakta wa matatu? Basi kazi yangu ilikuwa hiyo, ila mimi nilisoma kwa sauti maandishi ya Kiingereza yanayopita chini, nikiyageuza Kiswahili papo hapo, na katikati nikieleza kinachoonekana. Nani ameingia. Amevaa nini. Amekunja uso ama anacheka. Nawaambieni hakuna zoezi la tafsiri lililowahi kunitoa jasho namna hiyo, maana ukitafuta neno kwa sekunde tatu tukio limeshapita na wazee wanakuuliza "Halafu?"

Jioni ya kwanza nilimwambia kwamba mtu wa kwenye picha anakula. Nyanya akauliza, "Anakula nini?" Nikasema wali. "Wa nini? Una harufu gani, mume wangu?" (Nyanya huniita mume wake, nanyi mnajua desturi hiyo, kwa hiyo msianze maneno.) Mimi sikuwa na jibu. Mama alikuwa akipita na sufuria, akasimama mlangoni, akasikiliza.

Kesho yake mama alipika kile kile kilicholiwa kwenye filamu, akakipakua katika sinia moja, akaliweka mkekani mbele ya kipakatalishi. Kisha akazima stima, akisema ni ili picha ionekane vizuri. Ikawa sote tumo gizani, sote tunapapasa sinia kutafuta samaki. Nyanya alikula. Alikula kuliko mjomba.

Sinema hiyo tuliyoirudia ilikuwa Mandabi, ya Ousmane Sembène wa Senegali, iliyotoka mwaka wa 1968. Sembène alikuwa mwandishi wa vitabu, na awali alifanya kazi ya ukuli bandarini Marseille, Ufaransa. Aliingia katika filamu kwa sababu wale aliokuwa akiandika habari zao hawakuweza kuvisoma vitabu vyake. Ndiyo maana Mandabi inazungumza Kiwolofu, lugha ya nyumbani kwa wengi pale Dakar, badala ya Kifaransa.

Kisa ni hiki. Mzee Ibrahima Dieng ana wake wawili, watoto tele, na kazi hana. Siku moja inafika hawala ya posta ya faranga 25,000 kutoka kwa mpwa wake anayefagia barabara Paris. Katika hizo, zake Dieng ni 2,000 tu. 3,000 ni za mama wa kijana, na 20,000 ni za kumwekea kijana mwenyewe. Lakini mtaa unasikia kwamba mzee ana pesa, na kabla hajagusa hata faranga moja wakopaji wamejipanga. Posta wanataka kitambulisho. Kitambulisho kinataka cheti cha kuzaliwa na picha. Cheti kinataka tarehe kamili ya kuzaliwa, na Dieng haijui. Hata kusomewa barua ni kwa pesa. Mpiga picha anakula fedha na picha haitoki. Mwishowe anajitokeza jamaa wa ukoo, msomi mwenye suti na gari, anajitolea kumsaidia, na hapo ndipo fedha zinapotoweka. Dieng anaambiwa zimeibwa njiani, anapewa mchele wa kumfuta machozi.

Nyanya alicheka mpaka akashika mbavu pale Dieng anapozungushwa dirisha hadi dirisha, na joho lake kubwa linapepea kama tanga la jahazi. Kisha akanyamaza. Yeye pia aliwahi kuzungushwa na ofisi moja, sitaitaja, kwa ajili ya karatasi za kiwanja, na kila alipofika aliambiwa faili limetoka kidogo. "Huyo bwana ni mimi," akasema. "Ila mimi sina ndevu." Kwa maoni yangu, hakuna filamu inayofaa zaidi kuonyeshwa Kidato cha Nne, sisi ambao karibuni tutakuwa kwenye foleni hizo hizo tukitafuta vitambulisho.

Cha kula: wali na samaki wa Kisenegali, ambao wenyewe huuita ceebu jën. Mnamo 2021 UNESCO iliutia katika orodha ya turathi za binadamu, kwa hiyo mkipika mpike kwa adabu. Kaanga samaki umtoe. Katika mafuta hayo hayo kaanga vitunguu na nyanya ya kopo hadi rangi iwe nyekundu ya kukolea. Tia maji, muhogo, karoti, kabichi na bilingani, umrudishe samaki achemke nao. Vikiiva toa vyote, mchele uupike katika mchuzi huo. Wasenegali hupenda mchele uliovunjika-vunjika, nao kwetu ndio wa bei nafuu, ambao mama siku zote huuita mchele wa kuku. Hausemi hivyo tena. Cha kunywa ni maji ya ukwaju, ambayo nao huyanywa, na Voi ukwaju si kitu cha kutafuta. Sinia liwe moja. Filamu hii ukiila kwenye sahani za mtu mmoja mmoja umeiharibu.

Ya pili iliyotushika ilikuwa ya Kihindi, nami nilidhani kazi itakuwa rahisi. Pather Panchali, ya mwaka wa 1955, ndiyo filamu ya kwanza ya Satyajit Ray. Alipoianza hakuwa na fedha, akawa anapiga picha kidogo kidogo kwa miaka kadhaa, hata dhahabu za mkewe zikawekwa rehani, hadi serikali ya jimbo la West Bengal ilipotoa fedha za kuimalizia. Dakika ishirini zikapita, Nyanya akauliza, "Hawa wataimba lini?" Nikamwambia hawaimbi. "Hawachezi hata kidogo? Wahindi gani hawa?" Mjomba akaanza kutafuta filamu nyingine. Nyanya akamkemea: "Wacha. Nimeuliza tu."

Ni habari ya familia maskini kijijini Bengal: baba kasisi asiyelipwa, mama aliyechoka, binti anayeitwa Durga, mdogo wake Apu, na shangazi mkongwe asiye na meno wala mtu mwingine duniani. Durga huiba mapera katika shamba la jirani, shamba ambalo zamani lilikuwa lao, na kumpelekea yule mkongwe kwa siri. Basi chakula cha filamu hii ni mapera, hakihitaji jiko. Yawe yale ya rangi ya waridi ndani, yameiva hadi chumba kizima kinajua. Yetu yalitoka Wundanyi. Nyanya aliyapokea moja moja, akayanusa kwanza, akayala kwa kuyafyonza, kwani meno yake nayo yanahesabika.

Mama wa watoto humkaripia yule shangazi kila siku, na siku moja mkongwe anaondoka na kifurushi chake, anakwenda kufia nje katika mianzi. Kipande hicho nilikisimulia kwa sauti ya chini. Hapo mama yangu aliinuka, akachagua pera kubwa, akamtia Nyanya mkononi, akakaa tena. Hakuna aliyesema neno.

Kwa upande wa sauti, kuna mahali pawili. Pa kwanza ni pale Durga na Apu wanapokwenda mbali na kijiji kulitazama gari moshi. Kwanza wanasikia nguzo za waya zikivuma, wanatega sikio, ndipo linatokea likitoa moshi mweusi juu ya maua meupe. Nyanya, mke wa reli, alilisikia kabla mimi sijaliona. Pa pili ni baba anaporudi safarini na zawadi. Anatoa sari ya Durga, na hajui kwamba Durga amekwisha kufa kwa homa baada ya kunyeshewa. Mama anafungua kinywa kulia, lakini kilio chake hukisikii. Mahali pake kinalia chombo cha nyuzi, juu kabisa. Muziki ni wa Ravi Shankar. Katika filamu zote tulizotazama, hicho ndicho kipande pekee ambacho sikusimulia hata neno, na Nyanya hakuniuliza "Halafu?"

Sasa nafika kwa Yaaba, na hapa naomba mnisome polepole.

Yaaba ni ya Idrissa Ouédraogo wa Burkina Faso, ilitoka mwaka wa 1989, na jina lake kwa Kimoore maana yake ni nyanya, bibi mzaa mzazi. Mvulana Bila na binamu yake Nopoko wanakutana na mwanamke mzee anayeitwa Sana. Anaishi peke yake nje ya kijiji kwa sababu watu wanasema ni mchawi. Jambo lolote baya likitokea, moto ama ugonjwa, anaguswa yeye. Bila peke yake ndiye anayemwita Yaaba, na yule mzee anashangaa, maana hajawahi kuitwa hivyo. Nopoko anapokatwa kwa kisu na kushikwa na pepopunda, ni Sana huyo huyo anayefunga safari ndefu kumtafutia mganga wa mitishamba, na bado watu wanamfukuza.

Msiseme hayo ni ya Burkina Faso. Sisi wa Pwani tunajua habari za Kilifi, ambako kwa miaka mingi wazee wamekuwa wakisingiziwa uchawi na kuuawa, mara nyingine kwa sababu ya mashamba tu, na ushahidi unaotolewa ni mvi na macho mekundu. Nyanya yangu ana mvi. Na yale matone anayotiwa kila jioni yamemfanya macho yawe mekundu kama ya mtu aliyekesha. Mwaka jana, mwezi wa Juni, watoto wawili wa mtaani walipita mbio mbele ya mlango wake wakiita neno hilo. Ni watoto wadogo, labda hawakujua walisemalo. Lakini mtoto halizushi neno kama hilo, amelisikia mahali. Nyanya alijifanya hakusikia. Tangu siku hiyo akaacha kukaa barazani.

Kwa hiyo jioni ya Yaaba mjomba alikuwa na wasiwasi, akaninong'oneza tuiruke. Nyanya ana macho mabovu lakini masikio yake ni ya paka. Akasema, "Iweke."

Tuliiweka. Mama alikuwa amemchinja jogoo, kwani katika filamu Bila anaiba kuku ili akale na Sana. (Wetu alilipiwa, nasema mapema.) Kuku wa filamu hii achomwe mzima juu ya makaa, chumvi tu, asitiwe viungo wala ndimu, na araruliwe kwa mikono. Cha kunywa ni maji baridi ya mtungi. Muziki ni wa Francis Bebey wa Kamerun, nao ni wa utulivu, hauingilii mazungumzo ya mtu. Filamu yenyewe haina haraka. Watoto wanakimbia uwandani, jua linachoma, wazee wanateta, bwana mmoja mlevi anadharauliwa na wote. Msimulizi anapata nafasi ya kutafuta maneno mazuri.

Mlango wetu ulikuwa wazi kwa sababu ya joto. Katikati ya filamu nikaona vichwa viwili vimechungulia, wale wale wawili, harufu ya kuku imewavuta. Mama akanitazama. Nyanya akauliza ni nani, nikawataja kwa majina. Akasema, "Waambie waingie, lakini wanawe mikono." Waliingia, wakakaa karibu na mlango tayari kukimbia. Nikaendelea kusimulia. Sana anachomewa nyumba. Sana anatembea juani kwa ajili ya mtoto wa watu. Mmoja wao akaniuliza, "Kwa nini wanasema ni mchawi?" Nikamwambia asubiri, mwishoni Bila mwenyewe anaeleza: mama yake Sana alikufa akimzaa, akalelewa bila mtu, basi. Mtoto akatafuna, akafikiri, akasema, "Hiyo si sababu." Nyanya akamtilia paja la kuku mkononi, akilitafuta mkono huo kwa kupapasa.

Sikuambii kwamba mtaa mzima umebadilika. Nakuambia kwamba wale wawili sasa humpeleka Nyanya barazani jioni, mmoja huku na mwingine huku, na humwita Yaaba, wakidhani ndilo jina lake.

Baada ya hiyo tulihitaji kucheka, mjomba akatoa La Vie est belle, ya mwaka wa 1987, iliyotengenezwa Kinshasa na Ngangura Mweze pamoja na Benoît Lamy. Papa Wemba mwenyewe ndiye mchezaji mkuu, kijana wa mashambani anayekuja mjini kutafuta umaarufu wa muziki na kuishia kuwa mtumishi wa nyumba ya tajiri, na tajiri huyo anammezea mate msichana yule yule anayempenda yeye. Kuna mambo ya wake wenza na waganga ambayo mlezi wetu wa chama pengine atayaruka, lakini muziki, enyi watu! Papa Wemba alifariki mwaka wa 2016 akiwa jukwaani Abidjan, na ukimsikia hapa akiwa kijana utaelewa kwa nini rumba ya Kongo nayo iliingia katika orodha ile ile ya UNESCO mwaka wa 2021. Kula kisamvu, ambacho wao huita pondu, kilichotwangwa barabara, chenye mawese ukiyapata, na samaki mkavu ndani. Ukikosa mawese tia tui la nazi, hakuna Mkongomani atakayejua. Msile mmekaa. Nyanya alisimama katika wimbo wa pili, akashika kiti, akacheza mabega. Alikuwa akienda dansini na babu Mombasa, jambo ambalo hata mama alikuwa halijui.

Nyingine nazitaja kwa mbio. Filamu ya Kiajemi ya Abbas Kiarostami, Nyumba ya Rafiki Iko Wapi, ya 1987, kila mwanafunzi angepaswa kuiona. Mvulana amechukua daftari la mwenzake kwa bahati mbaya, na mwenzake akifika kesho bila kuandika kazi humo atafukuzwa shule. Basi anakimbia kijiji hadi kijiji akimtafuta, na watu wazima hawamsikilizi. Ni hayo tu, na roho inadunda kuliko sinema ya mabomu. Chai ya rangi, kali, na sukari iwekwe mdomoni badala ya kikombeni, kama Waajemi wanavyokunywa.

Babette's Feast ya Gabriel Axel, ya Denmark, pia ya 1987, imetokana na hadithi ya Karen Blixen, yule yule wa shamba la kahawa chini ya vilima vya Ngong. Watu wote wanaijua Out of Africa, hii hawaijui, na mimi naona hii ndiyo bora. Mpishi mkimbizi kutoka Paris anashinda bahati nasibu faranga 10,000, naye anazitumia zote kwa mlo mmoja wa watu kumi na wawili. Nyanya alikasirika. "Zote? Kwa siku moja?" Mama, aliyekuwa ameuza kuku watatu mwezi huo kununua samaki, mchele na mawese, hakusema kitu, akacheka peke yake. Ushauri wangu: msiitazame baada ya githeri ya shule. Mtalia.

Na ya mwisho ni ya kwetu sote, Vuta N'kuvute ya Amil Shivji wa Tanzania, iliyotoka mwaka wa 2021 kutokana na riwaya ya Adam Shafi. Unguja ya miaka ya 1950, Yasmin anatoroka ndoa ya mzee, anakutana na Denge anayepigania uhuru. Siku hiyo nilipumzika, kwa kuwa inazungumza Kiswahili chenyewe. Kahawa chungu katika vikombe vidogo, kashata za nazi, na taarabu kabla na baada. Mliosoma kitabu mtabishana kuhusu kilichoachwa, nami nitakuwapo.

Nimemwomba mlezi wa chama turuhusiwe Jumamosi moja ya muhula ujao tuionyeshe Mandabi bwaloni. Tunahitaji watu wawili wenye sauti za kufika nyuma, wapokezane kutafsiri, maana mmoja hatamaliza, nimeshajaribu. Wapo wenzetu wasioyaona maandishi ya chini kutoka viti vya nyuma, hata kama hawasemi. Mpishi mkuu ameuliza ni nani atakayelipia samaki. Swali lake ni la haki, na ndilo lililotukwamisha hadi sasa. Mwenye wazo amwone katibu.

Mimi narudi Voi Desemba. Daktari amesema matone yaendelee na kaupenyo kale kachungwe. Zaidi ya hapo hakutoa ahadi. Nyanya ameagiza safari hii tutazame Mother India, ambayo mimi sijawahi kuiona. Amesema nisijisumbue kusoma maandishi yoyote, atanisimulia yeye, kila kitu, na nguo walizovaa. Anataka njugu karanga robo kilo, zikaangwe kwa chumvi, zifungwe katika karatasi ya gazeti kama zilivyokuwa zikiuzwa nje ya sinema. Mjomba amekwisha kuambiwa alete gazeti.